Gramu Tano za Baba

Kanuni ya tatu ya mashindano ilikuwa fupi kuliko zote, na ndiyo iliyowaliza watoto wa watu mwaka uliopita: roboti isizidi gramu mia tano. Kanuni nyingine zilikuwa na vifungu, michoro na maelezo ya pembeni. Hii haikuwa hata na koma.

Kasuku aliijua kwa moyo, kama alivyozijua zote ishirini na mbili. Ndiyo maana aliitwa Kasuku: akisoma jambo mara moja linaganda kichwani, na likishaganda halali mpaka awe amewaambia watu. Mwenzake aliitwa Sindano, kwa wembamba wake na, walisema waliowahi kuchomwa, kwa ulimi wake pia. Wasichana hawa wawili walikaa dawati moja, na kwa miezi minne walikuwa wanaunda roboti ya mieleka isiyozidi ukubwa wa kasha la majani ya chai.

"Kanuni ya tisa," Kasuku alikuwa akisema huku Sindano akikaza skrubu. "Matairi yasinate. Roboti ikiwekwa juu ya karatasi kisha ikainuliwa, karatasi ibaki mezani."

"Najua."

"Kanuni ya kumi na moja. Ukishabonyeza kitufe, roboti itulie sekunde tano bila kutikisika."

"Kasuku, najua. Nipe bisibisi, na ufunge mdomo kidogo upate kupumua."

Mchezo wenyewe hauna siri. Ulingo ni duara la mbao lililopakwa rangi nyeusi, ukingo wake mweupe. Roboti mbili zinawekwa ndani, hakuna ruhusa ya kuzigusa, na kila moja inamtafuta mwenzake imsukume nje. Ujanja unasaidia, lakini kwenye kusukumana uzito ndio mwamuzi. Kwa hiyo kila timu hujitahidi kuufikia ukingo wa zile gramu mia tano bila kuuvuka, na hapo ndipo vilio vinapoanzia.

Timu mbili za juu zilikuwa zinapewa nafasi katika chuo cha ufundi cha bweni, mwendo wa siku mbili kutoka kwao. Sindano aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaogopa kuitaja, asije akaitia nuksi. Alimwambia mtu mmoja tu zaidi ya Kasuku, naye alikuwa baba yake.

"Ukishinda, mama, nitakupeleka mwenyewe," baba alimwambia. "Nitakubebea sanduku mpaka mlangoni." Baba alizoea kumwita mama, kwa mapenzi, na zaidi tangu mama mwenyewe wa nyumba ile alipofariki miaka mitatu nyuma.

Baba alikuwa fundi mizani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa karakana, na rafu zake zilijaa mizani za maduka, mizani za zahanati za kupimia watoto wachanga, na mizani za magunia zilizoning'inia kwenye kulabu. Alirekebisha pia mawe ya mizani, yale ya chuma. Kila jiwe lina tundu chini yake lililojazwa risasi, madini laini ya kijivu. Jiwe likilika kwa kutumika, fundi huongeza risasi, likizidi, huikwangua. Kisha hugonga muhuri juu ya ile risasi, ili asiwepo wa kuigusa tena. Muhuri wa baba, kipande cha chuma kirefu kama kidole, ulikaa shingoni mwake kwa kamba ya ngozi. Alilala nao na kuoga nao. Marehemu mama alikuwa akimtania kwamba ameoa mke wa pili kimyakimya, na mke mwenyewe chuma.

Sifa ya baba ilikuwa moja, nayo aliilinda kuliko macho yake: hakosei. Wenye maduka waliokaa wakipigana kwa sababu ya robo kilo walinyamaza akishapima yeye. Na nyumbani kwao ilikuwepo desturi ambayo haikuandikwa popote, lakini Sindano aliinyonya na maziwa. Kilichopimwa na baba hakipimwi tena. Kukipima tena ni kumtukana.

Basi Mkaidi, ndilo jina walilompa roboti wao, alipimwa pale karakanani, kwenye mizani ya sahani mbili. Mkaidi sahani hii, jiwe la nusu kilo sahani ile. Mshale ukisimama katikati au sahani ya Mkaidi ikiwa juu kidogo, mambo mazuri. Siku walipovuka raundi ya mchujo, sahani ya Mkaidi ilikuwa juu kwa unywele tu. Baba alikadiria gramu mia nne tisini na tisa, akampigia bintiye makofi matatu.

Wiki iliyofuata baba akawaambia kwamba lile jiwe la nusu kilo limelika. Limefanya kazi miaka mingi, alisema, na sasa linadanganya. Amelirekebisha. Wakampima Mkaidi tena, na safari hii sahani yake ikaruka juu waziwazi.

"Mkaidi amekonda!" Kasuku akapiga kelele. "Mnamnyima chakula humu?"

"Mna gramu tano za bure," baba alisema. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. "Ongezeni bati la mbele. Uzito usiotumika ni uzito uliotupwa."

Wakaongeza. Walikata kipande cha bati, wakakibandika kwenye kile kisu cha mbele kinachomwingia adui chini, kwa ile gundi ambayo ikishashika huibandui labda uvunje. Sindano alimshukuru baba yake kwa kumkumbatia, na baba akakumbatiwa.

Kasuku, ambaye kwake kilichoandikwa ndicho kitakatifu, si kilichosemwa na baba wa mtu, akampeleka Mkaidi maabara ya shule. Mizani ya maabara ikasema mia tano na nne. Alirudi mbio kana kwamba nyumba inaungua.

"Mizani ya shule!" Sindano akacheka. "Ile inayopima chumvi ikasema sukari? Kasuku, unamjua baba yangu ni nani?"

"Namjua. Lakini kanuni ya tatu..."

"Kanuni ya tatu inataka mizani nzima, si ile maiti yenu."

Hata hivyo alimwuliza baba yake jioni wakila. Baba hakuinua uso kutoka kwenye sahani. Alisema mizani ya maabara haijaguswa na fundi tangu inunuliwe, na kama anaiamini kuliko baba yake, basi akaiombe mizani hiyo ada ya shule. Sindano akaona haya. Aliomba radhi, akamwongezea baba mchuzi.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa kelele za mota na harufu ya waya zilizoungua. Meza ya ukaguzi ilikuwa mlangoni, na nyuma yake aliketi mama mmoja mwenye miwani, mkaguzi kutoka ofisi ya vipimo, mpole wa sura lakini mkono wake hauna mzaha. Alikuwa na vitu vitatu: kasha la sentimita kumi kwa kumi, karatasi nyeupe, na mizani ya umeme. Baba naye alikuwemo ukumbini. Waandaaji walimwita jana yake aje aihakiki mizani ile, na leo alikuwa amekaa mstari wa mbele katika shati lake la heshima.

Mkaidi akaingia kwenye kasha, akatoka. Akawekwa kwenye karatasi, akainuliwa, karatasi ikabaki. Akawekwa kwenye mizani.

"Mia tano na nne," mkaguzi alisema. "Mna dakika kumi za kurekebisha. Mkishindwa, mko nje."

"Mizani imekosea," Sindano alisema. Alilisema kwa upole kabisa, kama anayemwambia mtu kwamba kamba ya kiatu imefunguka.

Mkaguzi akaigeuza mizani kidogo, akamwonyesha karatasi ya uthibitisho iliyobandikwa ubavuni. Ilikuwa na sahihi ya baba yake, na tarehe ya jana.

Sindano akatabasamu, maana alikuwa na dawa. Begini alikuwa amebeba lile jiwe la nusu kilo. Alilibeba kwa majivuno tu, ili akitokea mbishi amnyamazishe. Akaliweka juu ya mizani ya umeme.

Namba zikayumba, zikatulia. Mia tano na tano.

Mkaguzi akavua miwani, akaivaa tena. Akafungua kasha lake la ofisi, akatoa jiwe la shaba linalong'aa, akaliweka kwa kibano. Mia tano kamili. Akalitoa, akalirudisha lile la Sindano. Mia tano na tano. Halafu akalipindua. Risasi ya tunduni ilikuwa mpya, inang'aa kama jino la bandia, na katikati yake ulikuwepo muhuri wa mwaka huu.

"Nusu kilo hii imezidishwa," mkaguzi alisema. "Na imepigwa muhuri ikiwa imezidi. Hili si jambo la mashindano tena, binti. Hili ni jambo la ofisi. Jiwe la nani?"

Kasuku akamgeukia Sindano.

Sindano alikuwa anafikiri haraka, na bado alikuwa anafikiri kwa wema. Baba amezeeka. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri jua likizama. Amekosea, masikini, na akijua atakufa kwa aibu. Uchungu wake wote wa wakati ule ulikuwa wa kumhurumia. Alipomwona baba anainuka mstari wa mbele na kuja mezani, alimwendea hatua mbili, amkinge.

"Shikamoo baba," alisema, ingawa walishaamkiana asubuhi. "Lile jiwe ulilorekebisha. Ulikosea kidogo, sivyo? Waambie tu ulikosea. Binadamu wote wanakosea."

Huo ulikuwa mlango, na aliufungua wazi, akausimamia. Baba alichotakiwa ni kupita tu.

Baba alilitazama jiwe. Akamtazama mkaguzi. Watu wa meza za jirani walikuwa wameshaacha kazi zao, na kati yao walikuwepo wenye maduka wawili waliomjua.

"Mimi sikosei," baba alisema. "Huyu mtoto anachezea vitu vyangu. Atakuwa ameligusa yeye, apate kuongeza uzito."

Kasuku alifumba macho, na kanuni ikamtoka yenyewe, kwa sauti ndogo. "Kanuni ya kumi na tisa. Timu itakayochezea kifaa cha kupimia itafungiwa miaka miwili."

Kuna maumivu ambayo hayaji mara moja. Sindano alisimama akiyasubiri yake kama mtu aliyejikata na kisu kikali, anaona damu kabla ya kuhisi. Alimtazama baba yake usoni, na baba akaangalia pembeni, kwenye ukuta usio na kitu. Hapo ndipo yakaja. Na yalipokuja yalikuja na vyote: bati la mbele, gramu tano za bure, mikono inayofutwa kidole kwa kidole, mizani ya shule. Hakuwa mzee aliyekosea. Jana alikuwa ameihakiki mizani hii ya umeme bila kukosea hata chembe. Mkono ulikuwa uleule na macho yaleyale. Kikulacho ki nguoni mwako, na Sindano alikuwa amelivaa vazi lenyewe kwa fahari.

"Ni kweli, binti?" mkaguzi aliuliza. "Umeligusa?"

Angeweza kusema ndiyo. Tusimdharau kwa kulifikiria hilo, maana alilifikiria. Miaka miwili ya kufungiwa si kifo, na baba angebaki na jina lake. Lakini Kasuku alikuwa amesimama kando yake na miezi minne mkononi, na Kasuku hakuwa na baba wa kumlinda kwenye jambo hili. Tena hasira ilikuwa imeshapanda, na hasira ya Sindano haikujua kusubiri foleni.

"Risasi ile imepigwa muhuri," alisema. "Muhuri uko shingoni mwa baba. Analala nao, anaoga nao. Mama yangu aliishi naye miaka kumi na minane na hakuwahi kuushika. Mimi nimeugusa lini?"

Ukumbi mzima haukunyamaza, maana mota hazina adabu. Mkaguzi aliinyoosha mikono yake juu ya meza.

"Fundi," alisema, bila kupandisha sauti. "Naomba muhuri."

Baba aliinua kamba ya ngozi kupitia kichwani. Ilikwama kidogo sikioni, akaivuta. Shingo yake ilikuwa na mstari mweupe mahali ilipokaa miaka yote ile. Aliuweka muhuri mezani, na sasa hakuwa tena fundi wa mtu yeyote.

"Dakika sita zimebaki," mkaguzi alimwambia Sindano. "Mashtaka hayakuhusu wewe. Rekebisha roboti yako."

Walifanya kazi bila kuongea. Bati lililoongezwa halikubanduka. Gundi ile ilikuwa kweli kama ilivyosifiwa. Kulisugua kwa tupa kungechukua nusu saa. Kasuku akaleta koleo, wakaking'oa kisu chote cha mbele pamoja na bati lake, na Mkaidi akabaki na mdomo wazi kama kibogoyo. Mizani ikasema mia nne sabini na moja. Alikuwa mwepesi kuliko wote ukumbini.

"Atasukumwa kama mkokoteni," Kasuku alinong'ona.

"Basi asikae wa kusukumwa."

Walikuwa na kompyuta moja ya shule na robo saa kabla ya pambano la kwanza. Sindano alibadilisha maagizo ya Mkaidi: zile sekunde tano zikiisha, asiende mbele. Arudi nyuma, ajikunje pembeni, amwache mwenzake aje kwa nguvu zake zote. Roboti nzito zina kiburi, na zikishachukua kasi, kusimama ni kazi. Ya kwanza ilimkosa Mkaidi ikatoka nje yenyewe. Ya pili vilevile, na watu wakaanza kucheka na kushangilia. Ya tatu ilimgusa, ikamburuta hadi kwenye ukingo mweupe, akachomoka pembeni, nayo ikapitiliza nje. Mwamuzi akainua mkono wa Kasuku, na Kasuku akalia kwa sauti, akitaja namba za kanuni zisizohusika.

Fainali walishindwa. Roboti ya upande wa pili ilikuwa imefundishwa kusimama kabla ya ukingo, na ubishi wa Mkaidi haukumfaa. Lakini timu ya pili ni timu ya juu, na nafasi chuoni zilikuwa za timu mbili. Mwalimu wao wa fizikia alikimbia huku na huku akitafuta fomu.

Sindano hakushangilia. Alimkabidhi Kasuku cheti akitazame, akatoka uani kwenye bomba kunawa mikono, maana gundi ilikuwa imemkausha vidole. Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma. Alikuwa ameachwa na wenye maduka wote wawili.

"Hongera," baba alisema.

Sindano alinawa.

"Nyumba ile ni kubwa, mama. Tangu mama yako aondoke. Wewe ukienda, nitakuwa namsemesha nani? Mizani?" Alijaribu kucheka. "Nilidhani ukizuiwa na mizani, hutamlaumu mtu. Mizani haina lawama. Ungerudi nyumbani ukalia siku tatu, mambo yakaisha."

"Uliniambia niongeze bati."

"Ndiyo."

"Nikakukumbatia."

Baba aliegemea ukuta.

"Na ulipoulizwa, ukasema ni mimi. Mbele ya watu. Hilo la kwanza ulilifanya kwa sababu ya upweke, nakuelewa, ingawa sikusamehe. Hilo la pili ulilifanya kwa sababu gani?"

"Nilisikia aibu," baba alisema. "Sikuwahi kukosea mbele ya watu. Sikujua inafanywaje."

Sindano alifunga bomba. Mikono ilikuwa bado inanata.

"Ningekuomba," baba alisema. "Ningekuomba tu kwa mdomo wangu, kwamba usiende, ubaki nami. Ungekataa. Si ungekataa?"

Alikuwa anamwomba jibu fulani, na Sindano alilijua. Akisema ndiyo, ningekataa, baba angepata kitu cha kushika: angalau hakuwa na njia nyingine. Lilikuwa neno dogo, tena la kumhurumia, na jana angempa bila kufikiri.

"Ningebaki, baba," alisema. "Ungeniomba, ningebaki."

Mkono wa baba ulipanda kifuani kutafuta kamba, ukakuta vifungo vya shati.

"Na nikikuomba sasa?"

Ndani ya ukumbi Kasuku alikuwa anaita jina lake, na mwalimu naye anaita. Sindano alijifuta mikono kwenye sketi.

"Sasa nakwenda kujaza fomu," alisema, akapanda ngazi, akampita.